Kiti cha Prefe: Miaka Mia Moja ya Uongozi wa Shule Bukavu

Mwaka wa shule mjini Bukavu hufunguliwa Septemba, lakini mwaka wa prefe huanza Julai. Wanafunzi wakiwa likizoni, yeye anapanga ratiba, anahesabu madawati yaliyovunjika, anatafuta mwalimu wa fizikia wa kushika nafasi ya yule aliyehama, anaandika makadirio ya bajeti yatakayojadiliwa na kamati ya wazazi, na anapeleka ripoti katika ofisi mbili: ya serikali na ya kanisa linalosimamia shule. Mvua kubwa ikishuka kwenye miteremko ya Kadutu, ni yeye anayekwenda kuangalia kama ukuta wa nyuma ya madarasa utahimili. Sekondari anaitwa prefe. Mwenzake wa shule ya msingi ni direkta. Wazazi wengi wanamjua kwa sahihi yake kwenye ripoti ya mtoto na kwa ukali wake siku ya kurudisha nyumbani wasiolipa. Kazi yake nyingine yote hufanyika pasipo macho ya watu.

Historia ya elimu ya mji huu imezoea kusimuliwa kupitia maaskofu, magavana na wakubwa wa Kinshasa. Mimi nataka kuisimulia kupitia watu wa kiti hiki, kwa sababu ukiwafuata wao unaona jambo moja likijirudia kwa miaka mia. Kila zama ilimtwisha mkuu wa shule mzigo mpya, na mafunzo ya kuubeba yakaja nyuma sana, mara nyingine baada ya kizazi kizima. Mji ambao umejenga shule nyingi kiasi hiki ulichelewa mno kujiuliza nani atazisimamia, na amejifunza wapi.

Ofisi ya padre

Shule za kwanza za eneo hili hazikuanzia mjini, maana mji wenyewe haukuwapo. Mapadri Weupe walifika Nyangezi, kusini mwa Bukavu ya leo, mwaka 1906. Mwaka huo huo Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold ilitia sahihi mkataba na Vatikani: misheni zingepewa ardhi, nazo zingefungua shule. Mpango huo ulirithiwa na serikali ya Ubelgiji ilipochukua koloni mwaka 1908, ukawa msingi wa elimu ya Kongo kwa nusu karne. Wapentekoste kutoka Norway na Sweden walifika Kivu katika miaka ya 1920, wakajenga Kaziba na Lemera. Shule zao, kwa kuwa ni za Kiprotestanti, zilikaa bila ruzuku ya serikali hadi mwaka 1948.

Kwa Wakatoliki ruzuku ilikuja mapema. Kanuni za mwaka 1929 zilieleza ni masomo gani yafundishwe, kwa lugha gani, na ni masharti gani misheni itimize ili ilipwe. Serikali ilitoa fedha, misheni ikatoa watu. Hata ukaguzi wa kila siku ulikuwa mikononi mwa padre aliyepewa cheo cha mkaguzi, akizunguka shule za vijijini kwa miguu au kwa pikipiki, akiandika ripoti ambayo ndiyo iliyofungua mkoba wa serikali.

Katika mpango huo Mkongo alikuwa mwalimu. Alisimama mbele ya darasa, akaita majina, akafundisha kusoma na hesabu, akaongoza kazi ya bustani, akaadhibu watoro. Nyangezi ilikuwa na shule ya ualimu iliyoongozwa na Mabruda Wamaristi, na vijana waliotoka humo walisambaa katika milima yote ya Bushi. Walikuwa walimu hodari. Wazee bado wanawasifu kwa mwandiko wao na kwa kutokuvumilia uzembe. Lakini mafunzo yao yaliishia mlangoni mwa darasa. Kitabu cha fedha, barua kwa mkaguzi, hesabu ya ruzuku, uamuzi wa kumwajiri mtu au kumhamisha, vyote vilikaa katika ofisi ya padre. Mwalimu aliitwa humo kupokea maagizo, kisha akatoka.

Mjini utengano ulikuwa mkali zaidi. Costermansville, jina ambalo Wabelgiji waliupa mji mwaka 1927 na ambalo lilidumu hadi miaka ya 1950, ulipangwa kuwa mji wa Wazungu kwenye rasi za ziwa, na Waafrika wakawekwa Kadutu na Bagira. Mwaka 1938 Wajesuiti walifungua Chuo cha Notre-Dame de la Victoire kwa ajili ya watoto wa Wazungu. Ilipofika miaka ya 1950 milango ilianza kufunguka kidogo. Mwaka 1954 waziri wa makoloni wa Ubelgiji, Auguste Buisseret, mtu wa chama cha Kiliberali, alianzisha shule za serikali zisizo za dini kwa Waafrika, jambo lililowakasirisha maaskofu na kuwafurahisha wazazi wengi wa mijini. Ugomvi ule wa kanisa na serikali juu ya nani amiliki shule ulichukua nafasi yote mezani. Swali la nani aandaliwe kuiongoza halikupata kiti.

Matokeo yalionekana kwenye hesabu za mwisho wa ukoloni. Kongo ilikuwa na zaidi ya watoto milioni 1 katika shule za msingi, idadi ambayo Wabelgiji waliitangaza kwa fahari. Waliofika sekondari walikuwa wachache sana, na waliomaliza chuo kikuu walihesabika. Katika piramidi hiyo, kilele kilichohitajika kuongoza shule za sekondari kilikuwa hakijajengwa.

Viti vitupu

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Siku chache baadaye jeshi liliasi, na Wabelgiji wengi wakaondoka kwa haraka. Kutoka Bukavu ilitosha kuvuka mto Ruzizi kufika Rwanda. Misheni zilibaki na baadhi ya watu wao, lakini shule za serikali na ofisi za elimu zilipoteza wakuu, wakaguzi na walimu wa sekondari kwa mpigo mmoja. UNESCO ilitafuta walimu nje, na wengi waliokuja walitoka Haiti, kwa kuwa walikuwa weusi, walisema Kifaransa, na walikuwa na sababu zao za kukimbia utawala wa Duvalier. Mtaani wapo wazee wanaokumbuka kufundishwa hisabati na Mhaiti.

Walimu wa kuazimwa wangeweza kufundisha. Kuongoza shule ni kazi nyingine, inayodai mtu anayejua wazazi, machifu, kanisa na hali ya mji. Hapo ndipo walimu wa Kikongo walipoingia ofisini. Wengine walikuwa wamefundisha shule ya msingi miaka kumi au kumi na mitano, wakajikuta wamekabidhiwa funguo, muhuri na kabati la faili zilizoandikwa na mtu aliyeondoka bila kuaga. Walijifunza kwa kufungua faili hizo moja baada ya nyingine: hivi ndivyo ripoti ya robo mwaka inavyoandikwa, hivi ndivyo orodha ya vifaa inavyopangwa, hivi ndivyo mwalimu anavyopewa alama za mwaka. Naamini kizazi hicho hakijapewa heshima inayostahili. Kama shule za Kivu hazikufungwa mwaka 1960, ni kwa sababu ya watu waliosoma uongozi katika karatasi za mtangulizi wao.

Serikali changa iliona pengo, na ilianza kuliziba upande wa ufundishaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Bukavu ilipata École Normale Moyenne, shule ya juu ya kuandaa walimu wa madarasa ya chini ya sekondari. Ndiyo mbegu ya ISP, chuo cha ualimu tunachokijua leo. Haikupata utulivu wa kukua. Agosti 1964 wapiganaji wa Simba waliushambulia mji, na jeshi chini ya Léonard Mulamba likauokoa. Mwaka 1967, kuanzia Agosti hadi mwanzoni mwa Novemba, mamluki wa Jean Schramme waliukalia, wakazingirwa, na walipotoka waliacha mji umebomolewa na kuporwa. Wakuu wa shule walirudi kwenye majengo yasiyo na madirisha, wakaanza kuorodhesha upya.

Mwaka huo huo wa 1967 ulileta badiliko lisilo na mlio wa bunduki ambalo lilibadili kiti cha prefe moja kwa moja. Mtihani wa Serikali, ambao watu huuita Exetat, ulianzishwa kwa nchi nzima. Kabla yake, shule ilitoa cheti kwa sifa yake yenyewe. Baada yake, mwanafunzi wa Bagira na wa Kinshasa walijibu maswali yale yale, na matokeo yakatangazwa hadharani shule kwa shule. Prefe akapata kipimo. Mji mzima ulijua asilimia yake, na mzazi angeweza kumhamisha mtoto kwa sababu ya tarakimu moja.

Mabwana wawili

Agosti 1971 Rais Mobutu aliunganisha elimu yote ya juu katika chuo kimoja cha taifa, UNAZA. École Normale Moyenne ya Bukavu ikawa Institut Supérieur Pédagogique, ISP. Katika mgawanyo huo fani ya saikolojia na sayansi ya elimu ilipelekwa Kisangani, na huko ndiko aliyetaka shahada ya juu ya utawala na mipango ya elimu alilazimika kwenda. Mwalimu wa Walungu au Kabare aliyepata nafasi hiyo alisafiri mamia ya kilomita na kuacha familia kwa miaka. Waliorudi wakiwa na shahada walikuwa wachache, na mara nyingi hawakurudi shuleni: walichukuliwa na ofisi za mkoa, ukaguzi au uhadhiri. Shule zenyewe ziliendelea kuongozwa na walimu waliopandishwa.

Kisha likaja pigo la mwisho wa mwaka 1974. Mobutu alitaifisha shule zote za makanisa. Wajesuiti, Wamaristi, masista na wachungaji walinyang'anywa usimamizi. Somo la dini likaondolewa, pakawekwa mafundisho ya chama. Chuo cha Notre-Dame de la Victoire kilikuwa kinaingia katika jina lake jipya, Alfajiri, katika wimbi la kubadili majina la miaka hiyo. Serikali sasa ilikuwa na shule nyingi kuliko uwezo wake wa kuziendesha. Vifaa vilipungua, mishahara ikachelewa, wakuu wakawekwa kwa upendeleo wa chama. Haikuchukua miaka mitatu kabla ya Kinshasa kukiri kwa vitendo kwamba imeshindwa.

Tarehe 26 Februari 1977 serikali ilitia sahihi mkataba na makanisa: Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbanguisti, baadaye Waislamu waliingia pia. Kwa mkataba huo shule zilibaki mali ya umma, lakini usimamizi wake ulirudi mikononi mwa madhehebu. Serikali inatunga mtaala, inakagua, inalipa walimu. Kanisa linapendekeza mkuu wa shule, linalea roho ya shule, linasimamia mwenendo wa kila siku kupitia ofisi yake ya uratibu. Jimbo kuu la Bukavu, wakati huo chini ya Askofu Mkuu Aloys Mulindwa Mutabesha, lilirudishiwa mtandao mkubwa wa shule. Jumuiya za Kiprotestanti kama CELPA na CEPAC zikapata zao. Hadi leo sehemu kubwa ya watoto wa Kivu Kusini wanasoma katika shule hizi za mkataba.

Mkataba uliokoa shule. Lakini mtazame prefe aliyeamka asubuhi iliyofuata. Anateuliwa na askofu au mchungaji, anakubaliwa na serikali, analipwa na serikali, anaweza kuondolewa na kanisa. Ofisi ya elimu ya mkoa inamtaka takwimu zake. Ofisi ya uratibu inazitaka pia, kwa fomu nyingine. Mkaguzi anasema fundisha hivi. Mratibu anasema ajiri yule. Kuwatumikia mabwana wawili bila kumdanganya yeyote ni sanaa, na sanaa hiyo haikufundishwa popote mwaka 1977. Sheria kuu ya elimu ya tarehe 22 Septemba 1986 iliupa mfumo huo nguvu za kisheria, ukawa wa kudumu. Sheria za shule sasa zilikuwa somo zito, na wengi waliotakiwa kuzitekeleza hawakuwahi kuzisoma.

Mkusanya fedha

Mzigo uliofuata ulikuwa wa fedha, na ndio uliobadilisha sura ya kiti hiki kuliko mingine yote.

Katika miaka ya 1980 mshahara wa mwalimu ulikuwa ukiyeyuka. Serikali iliunda SECOPE, idara ya kuhesabu na kulipa walimu, ili kuondoa majina hewa. Iliondoa baadhi, ikawaacha pia walimu halisi wengi nje ya orodha ya malipo. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 mfumuko wa bei ulipanda kwa maelfu ya asilimia. Mshahara wa mwezi haukuweza kununua gunia la mihogo. Walimu waligoma, miezi ikapita bila masomo, na mwaka wa shule ukaelekea kupotea.

Jibu halikutoka serikalini. Katika mwaka wa 1992 na uliofuata, wazazi na makanisa walikubaliana kwamba familia zitamlipa mwalimu moja kwa moja, malipo ya muda ambayo Bukavu yote inayajua kwa jina la prime. Ulikuwa uamuzi wa kishujaa wa watu maskini waliokataa watoto wao wakae bure. Na ule muda uliosemwa kuwa mfupi ulidumu zaidi ya robo karne.

Prime ilipita mikononi mwa nani? Mkuu wa shule. Ghafla mtu aliyefunzwa kufundisha historia au Kilatini akawa mkusanyaji, mtunza hazina na mgawaji wa fedha zilizotoka katika vibanda vya samaki wa Nguba na magenge ya Kadutu. Alipaswa kujua nani amelipa, nani amelipa nusu, nani ni yatima, na nani anadanganya. Sehemu ya makusanyo ilipanda ngazi kwenda ofisi za uratibu, za elimu na za ukaguzi, nazo ziliishi kwa fedha hiyo. Kadiri shule zilivyoongezeka, ofisi za juu zilipata zaidi. Kwa hiyo shule ziliongezeka, hata pale serikali ilipokuwa imetoweka kabisa. Watafiti waliokuja baadaye kuchunguza jinsi elimu ya Kongo ilivyodumu katika dola iliyoporomoka walikuta jibu hapo: wazazi walilipa, na wakuu wa shule walishika daftari.

Daftari hilo liliwajaribu wengi. Wapo waliojenga nyumba kwa fedha ya prime, na wapo waliowalipa walimu wao kwa uadilifu huku watoto wao wenyewe wakidaiwa. Ningependa tuwe waangalifu kabla ya kuwahukumu wote pamoja. Mtu aliyekabidhiwa fedha ya familia mia tano bila kufundishwa hata siku moja namna ya kufunga hesabu za mwezi, bila mkaguzi wa fedha, bila risiti zilizochapwa, amewekwa katika njia ya kosa na wale waliomteua.

Chini ya vita

Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda walivuka Ruzizi kwa mamia ya maelfu. Walilala barabarani, makanisani na katika viwanja vya shule; Alfajiri yenyewe ikawa kambi. Oktoba 1996 vita viliingia mjini. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, Mjesuiti aliyekuwa amepaza sauti kwa ajili ya raia na wakimbizi, aliuawa barabarani tarehe 29, mji ukaanguka. Mwaka 1998 vita vya pili vilianza, na Bukavu ikatawaliwa na waasi wa RCD hadi 2003. Mrithi wa Munzihirwa, Emmanuel Kataliko, alifukuzwa mjini Februari 2000, akaruhusiwa kurudi Septemba, akafariki Roma mwezi uliofuata. Juni 2004 wanajeshi waasi wa Laurent Nkunda na Jules Mutebutsi waliuteka mji kwa siku kadhaa.

Katika miaka hiyo cheo cha prefe kilikuja na maamuzi ambayo hayapo katika kitabu chochote cha sheria za shule. Leo tufungue au tusifungue? Risasi zimesikika Panzi. Tuwatume watoto nyumbani kwa makundi, au tuwaweke ndani hadi jioni? Askari wanataka kulala madarasani. Nani atazungumza nao? Utawala wa waasi unataka takwimu, Kinshasa haitumi mshahara, wazazi wanataka diploma ile ile ya taifa, isiyo na alama ya mpaka wa vita. Waliofaulu walikuwa wale waliojua kusikiliza, kuitisha mkutano wa wazazi haraka, na kuandika kila kitu. Mtu aliyehifadhi rejista za wanafunzi nyumbani kwake, chini ya kitanda, alihifadhi maisha ya baadaye ya vijana mia kadhaa, kwa sababu bila rejista hakuna Exetat, na bila Exetat hakuna chuo.

Uongozi unakuwa somo

Ni baada ya kupita yote hayo ndipo Bukavu ilipoanza kuchukua uongozi wa shule kama taaluma yenye mlango wake. Chuo Kikuu cha Kikatoliki kilikuwa kimefunguliwa 1989, Chuo Kikuu cha Kiinjili, UEA, mwaka 1991, na chuo kikuu cha serikali kilianza 1993, bila kusahau vyuo vingine vya ualimu vilivyoota mkoani. ISP ndiyo iliyobeba jambo hili hasa. Miongoni mwa idara zake ipo ile ya usimamizi na utawala wa taasisi za shule na mafunzo, ambayo wanafunzi wanaiita kwa herufi zake tano, GAISF. Kijana anayeingia humo hajiandai kufundisha somo moja. Anajiandaa kuendesha shule.

Yanayofundishwa yanafanana na orodha ya mizigo tuliyoisimulia. Sheria za shule, kwa sababu ya 1977 na 1986. Uhasibu na bajeti, kwa sababu ya prime. Usimamizi wa watumishi, kwa sababu walimu wasiolipwa wanahitaji kiongozi anayejua kusema ukweli bila kuvunja moyo. Mipango na takwimu, kwa sababu ofisi mbili zinataka fomu mbili. Upimaji wa wanafunzi, kwa sababu ya Exetat. Saikolojia ya mtoto na ya kundi, kwa sababu ya vita. Kisha anapelekwa kwenye mazoezi: wiki kadhaa katika ofisi ya shule halisi, chini ya prefe au direkta, akijaza rejista, akihudhuria baraza la walimu, akikaa darasani nyuma kabisa kumtazama mwalimu na kuandika maoni yasiyomdhalilisha. ISP ina shule yake ya mazoezi, EDAP, na maarifa mengi huchanganyika na vumbi la chaki hapo. Mwisho wa masomo anaandika kazi ya utafiti, na ukizipitia kazi hizo unakuta mji ukijichunguza: ada, utoro, migogoro kati ya wazazi na shule, mbinu za wakuu.

Majirani walikwenda njia nyingine. Tanzania ilianzisha chuo cha kuwafundisha viongozi wa elimu huko Bagamoyo mwaka 1979, ambacho leo ni ADEM. Kenya ilifuata mwaka 1981 na taasisi ambayo sasa inajulikana kama KEMI. Huko walimpata mtu ambaye tayari ni mkuu, wakamwita kwenye kozi, wakamrudisha shuleni na ujuzi. Bukavu humwandaa kijana kabla hajapata cheo. Kila njia ina faida, na kila moja ina pengo. Kozi ya kazini bila msingi ni plasta. Shahada bila uzoefu ni jina kwenye kadi. Kivu Kusini inahitaji zote mbili, na kwa sasa ile ya kwanza inategemea semina za hapa na pale ambazo mradi ukiisha nazo zinaisha.

Pengo lililo kubwa zaidi liko mahali pengine. Mhitimu wa GAISF akitoka na diploma yake hana uhakika wa kukuta kiti. Uteuzi katika shule za mkataba hutazama miaka ya utumishi, uaminifu kwa dhehebu, jina la ukoo, na mara nyingine nani anamfahamu nani. Kwa wanawake mlango ni mwembamba zaidi. Masista walioongoza shule za wasichana kama Lycée Wima walionyesha mji mapema kwamba mwanamke anaweza kushika shule kubwa kwa mkono thabiti. Nje ya shule za masista, prefe mwanamke bado ni nadra.

Mzigo wa sasa

Septemba 2019 serikali ya Félix Tshisekedi ilianza kutekeleza kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006, na sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014: shule ya msingi ya umma bila ada. Watoto waliokuwa wanauza karanga Nyawera walirudi darasani. Ilikuwa haki, na ilichelewa. Kwa direkta wa shule ya msingi ilikuja pamoja na darasa lililojaa kupita kiasi, walimu wasio kwenye orodha ya malipo waliopoteza prime kabla ya kupata mshahara, na wazazi walioambiwa redioni kwamba hakuna tena cha kulipa. Alitakiwa ageuke kutoka mkusanyaji wa fedha kuwa msimamizi wa fedha ya umma, ndani ya wiki chache. Kwa mara nyingine, agizo lilifika kabla ya mafunzo.

Februari 2025 mji uliingia mikononi mwa waasi wa M23. Benki zilifungwa, familia nyingi zikakimbia, shule zikafungwa kisha zikafunguliwa. Wakuu wa shule walijikuta tena na maswali ya 1996 na 1998: nani yuko, nani ametoweka, mshahara utapita wapi, mtihani utafanyikaje. Wale waliosoma utawala wa shule walikuwa na zana ambazo wakuu wa 1960 hawakuwa nazo: wanajua kuandika mpango wa dharura, kutunza nakala za rejista, kugawa majukumu kati ya mshauri wa masomo na msimamizi wa nidhamu, kuitisha kamati ya wazazi na kuandika muhtasari unaosomeka. Hizo ni zana ndogo, na ndizo zinazofanya shule iwe bado shule asubuhi inayofuata.

Basi somo la miaka mia hii naliona wazi. Makanisa na serikali wanaogawana madaraka ya kuteua wana uwezo, hata leo, wa kukubaliana kwamba hakuna atakayepewa muhuri wa shule kabla ya kusomea kazi ya uongozi na kufanya mazoezi chini ya mkuu mzoefu. Na kwamba aliye kitini tayari atapewa nafasi ya kusoma bila kupoteza cheo. Sharti hilo halihitaji majengo mapya. ISP ipo, walimu wake wapo, shule za mazoezi zipo, na wakuu wastaafu waliopita katika moto wote huu bado wako Ibanda, Kadutu na Bagira, wakiwa na mengi ya kufundisha. Wakongwe hao waliingia ofisini wakakuta faili na kimya. Wanaowafuata wanastahili kuingia wakiwa wamefundishwa.